Koti juu ya mabawa

Halloween, ile sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakipewa peremende, hapa Minneapolis, Marekani, inanikera kwa jambo moja tu: baridi. Unakesha unamshonea mtoto vazi la popo, mabawa ya kitambaa cha mwavuli uliovunjika, masikio umeyatia waya yasimame, gundi ya moto imekuunguza vidole. Ikifika jioni ya Oktoba 31, sharti avae koti zito juu yake! Majirani wanampa peremende huku wakimuuliza, "Na wewe ni nani leo?" Mtoto ananywea kabisa. Wenyeji nao wanakukumbusha ile dhoruba ya theluji ya Halloween ya 1991, eti ushukuru. Nishukuru nini? Shule zikituma matangazo ya sherehe, zituambie mapema: kateni vazi pana, livaliwe juu ya koti.