Nyumbu na miti ya Serengeti

Uliza kwa nini savana ina nyasi nyingi na miti michache, utajibiwa upesi: mvua haba. Si jibu la kubeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliokusanya takwimu za maeneo 854 barani Afrika, ulionyesha kwamba mvua ikiwa chini ya takriban milimita 650 kwa mwaka, maji ndiyo huweka kikomo cha miti. Udongo nao una kauli. Kusini-mashariki mwa Serengeti, majivu ya volkano yamejenga tabaka gumu la chokaa ambalo mizizi ya miti hailipenyi kirahisi, ilhali nyasi fupi hutosheka na udongo wa juujuu.

Ila kuelekea Ziwa Victoria mvua hukaribia milimita 1,000, na bado msitu haujafunga. Hapo mvua na udongo havitoshi tena. Inabidi tuwatazame moto na walaji, yaani wanyama wanaokula nyasi na majani, na kati ya hao wawili, mlaji ndiye anayesingiziwa zaidi: kila palipo na kundi kubwa, tunasubiri jangwa.

Mfano ni nyumbu wa Serengeti. Sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa wanyama wenye kwato, iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ikaua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe wa wafugaji jirani walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka hata porini, ingawa nyumbu hawakudungwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa takriban 250,000. Kabla miaka ya 1970 haijaisha walikuwa wamepita milioni 1.3. Mara tano, ndani ya miaka isiyofika ishirini! Kweli, miaka ya 1970 mvua za kiangazi ziliongezeka na kuwanenepesha, lakini jangwa lililotabirika halikuja. Ilirudi miti.

Mtazame mche wa mgunga ndani ya nyasi ndefu. Kila kiangazi moto unaufyeka hadi chini, nao unachipua upya kutoka mizizini, mwaka baada ya mwaka, bila kupata nafasi ya kuinua kilele chake juu ya ndimi za moto. Nyumbu milioni moja wakizila nyasi hizo kabla hazijakauka, moto unakosa kuni. Mche ukipata miaka michache ya utulivu, unakuwa mti. Kwa hiyo chanjo ya ng'ombe, iliyolengwa zizini, iliishia kuotesha migunga hifadhini. Hesabu ya mvua peke yake isingekupa jibu hilo.

Wanaoogopa midomo mingi wana hoja yao. Kwenye ukame, mifugo iliyozuiliwa mahali pamoja huacha ardhi tupu. Au nyasi zikiisha na moto ukapotea, vichaka vya miiba hujaa hadi ng'ombe wakose malisho. Mfugaji hatakushukuru kwa miti ya namna hiyo. Tena tembo huangusha ile iliyokwisha kukua.

Lakini nyumbu hakai. Anakula, anahama, nyasi zinapumua. Kwa hiyo kabla ya kulaumu idadi, ningeuliza kwanza njia ziko wazi kiasi gani. Makundi yakizuiwa kufika kaskazini mpaka Mto Mara, nyasi za huko zitabaki ndefu na kavu, na moto wa mwisho wa kiangazi utaikuta miche ikiwa bado mifupi.