Nakanyaga Mafuta, Gari Linafikiria

Jamani, kuna mwenzangu mwenye gari ambalo akilikanyagia mafuta linakaa kwanza, linatafakari, kama mzee wa kijiji aliyeulizwa mpaka wa shamba? Mimi ninalo. Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini ya 4K, ya kabureta, yaani ile ya kizamani inayochanganyiwa petroli na hewa kabla ya kuingia. Asubuhi linawaka bila kubembelezwa. Likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa, limetulia, unaweza kuweka glasi ya maji juu ya injini. Likishachanganya mwendo, hulishiki. Shida ni pale katikati. Taa za Magomeni zimeruhusu, natoa klachi, nakanyaga… kimya. Nyuma yangu daladala linapiga honi, bodaboda wananipita huku na huku wakinipa pole ya msiba, halafu ghafla linashtuka kama mtu aliyeota anaanguka. Linaruka mbele, shingo yangu inabaki Magomeni.

Sasa nchi hii haina upungufu wa madaktari wa magari. Mama mkwe, ambaye hajawahi kushika hata usukani wa bajaji, alisikiliza mara moja tu akasema, "Baba, hiyo ni plagi." Muuza genge: plagi. Mzee wa bao: plagi. Nikanunua plagi nne, nikazipima mwanya milimita 0.8 kama inavyotakiwa, nikafunga. Gari likaendelea kufikiria, safari hii likiwa na plagi mpya.

Nikalipeleka kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kupimia magari. Kaingia chini ya dashibodi na tochi, kakaa huko dakika kumi nikadhani kalala. Akatoka na jasho. "Mzee, tundu la kuchomekea mashine liko wapi?" Nikamwambia hili gari lina tundu moja tu, liko sakafuni upande wa abiria, na linaingiza maji. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia ninunue gari.

Nikaona bora nijisomee mwenyewe. Filta ya petroli? Hapana. Filta ikiziba gari linakosa pumzi mlimani, na hili Kimara linapanda na watu watano na gunia la mkaa. Pointi za distributa, kile kigawa umeme wa plagi? Nikazipima mwanya, milimita 0.45, ziko sawa. Ikabaki ile diaframu ya distributa, kingozi kinachovutwa injini inaponyonya hewa. Ya kuipima haina gharama: unachomoa mpira wake mwembamba kwenye kabureta, unaunyonya, halafu unaziba kwa ulimi. Ulimi ukinaswa, diaframu nzima. Basi mtu mzima nimeinama kwenye boneti, nanyonya mpira, ulimi umenaswa barabara, nimefurahi, na huku jirani ananitazama juu ya ukuta. Kufika jioni mke wangu kaketi sebuleni na shangazi zake wawili. Wamesikia ninakunywa petroli.

Ndipo akaja fundi mwingine, wa chini ya mwembe. Huyu hakuuliza kitu. Aliifungua kabureta yote, akaiosha kwa petroli kwenye beseni (beseni letu la kufulia, hilo nalo lina kesi yake), akaipindua, akaikung'uta, akairudisha. Mwisho kikabaki kigololi cha chuma, kidogo kama punje ya mtama. Nikamwuliza, hiki je? Akasema, "Hicho cha ziada, mzee. Wajapani huwa wanazidisha." Na mimi, msomi wa watu, nikaamini! Nikakiweka kwenye kisahani dirishani. Kuanzia siku hiyo gari likiguswa mafuta halifikirii tena, linazimika kabisa.

Aliyenitoa ni dereva wa bodaboda. Bodaboda wengi bado wanaishi na kabureta, wanazijua kama mifuko yao. Hakugusa spana. Kasema zima injini, toa kifuniko cha filta ya hewa, fungua choki, chungulia kwenye koo la kabureta huku mimi navuta waya wa mafuta. Ukivuta, petroli inatakiwa iruke kama mtoto anayetema mate. Tukachungulia wote wawili. Pakavu kama Ramadhani saa tisa.

Akanieleza hivi: ukikanyaga ghafla, hewa nyepesi inakimbilia ndani kama kondakta aliyeona abiria, petroli nzito inabaki nyuma inavaa viatu. Hapo ndipo kipampu kidogo cha kabureta kinatakiwa kuirushia injini mafuta ya haraka. Cha kwangu mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, ndiyo maana ya kule kutafakari. Halafu kuna kigololi chini yake kinachozuia mafuta yasirudi kwenye bakuli. "Kigololi chako kiko wapi, mzee?"

Mpira wa kipampu nilipata mtaa wa Gerezani, Kariakoo, baada ya maduka sita kunicheka na la saba kutoa boksi lenye vumbi. Kigololi nilikimbilia dirishani. Kisahani kitupu! Mwanangu alikipeleka kwenye mchezo wa goroli, akaliwa na mtoto wa jirani, mtoto wa yule yule aliyenitangaza mnywa petroli. Nikajaribu cha beringi ya baiskeli, hakiingii. Ikabidi niende kupiga hodi, mtu wa miaka arobaini na nane, kujadiliana na mtoto wa miaka minane. Hana haraka. Anajua ana nini mkononi. Tukamalizana kwa goroli kumi za kioo, chapati mbili, na kupelekwa shule kwa gari wiki nzima, kiti cha mbele.

Jumatatu tukafika mataa. Zikaruhusu. Nikakanyaga, KE70 likaondoka kama limefukuzwa na nyuki, hakuna honi, hakuna pole. Nikamgeukia yule mtoto nimekenua meno yote. Yeye kainamisha kichwa, anasikiliza.

"Anko, hiyo nyuma inayolia ni beringi."

Mwongo huyu, nikasema moyoni. Nikashusha kioo, nikasikiliza.

Ni beringi.