Saikolojia na sosholojia kwa pamoja: nani anaziunganisha?

Mwaka 1908 vilitoka vitabu viwili vya Kiingereza kuhusu saikolojia ya jamii. Kimoja kiliandikwa na William McDougall, mwanasaikolojia wa Uingereza, kingine na Edward Ross, mwanasosholojia wa Marekani. McDougall alianzia kwenye silika anazozaliwa nazo mtu. Ross akaanzia kwenye umati, mitindo na desturi zinazomzoa mtu huyo. Ungedhani wanaongelea viumbe wawili. Zaidi ya miaka mia imepita, na mwanafunzi anayechukua masomo haya mawili katika shahada moja bado hukabidhiwa pande zilezile, kuziunganisha atajua mwenyewe.

Hoja ya kuyasoma pamoja ni nzito. Chukua kubeti. Kijana yuko kijiweni na mkeka wa mechi kumi. Tisa zimetiki, ya kumi inachana mkeka dakika ya tisini kwa bao la kusawazisha. Kesho yake anasuka mwingine. Mwanasaikolojia ana maelezo: Skinner, mtafiti wa tabia wa Marekani, alionyesha kwa njiwa wake kwamba tabia inayolipwa kwa kubahatisha ni ngumu kuiacha kuliko inayolipwa kila mara, na mtu aliyekosa padogo hujiona amekaribia badala ya kujiona ameliwa. Sawa. Lakini kwa nini kijiwe kizima kinabeti? Kwa nini wengi wao ni vijana wa kiume wanaoishi kwa vibarua? Kwa nini mkeka unarushwa kwenye kundi la WhatsApp kama shughuli ya ushirika? Hapo anahitajika mwanasosholojia. Naye ukimwacha peke yake atakwama kwenye swali dogo tu: wawili wanakaa benchi moja, wote hawana ajira, mbona mmoja aliacha mapema na mwenzake ameshauza hadi godoro?

Wanaopinga nao hawabahatishi. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alishikilia mwaka 1895 kwamba jambo la kijamii lielezwe kwa jambo jingine la kijamii, si kwa yaliyomo kichwani mwa mtu mmoja. Miaka miwili baadaye akachukua kujiua, tendo linaloonekana la siri kuliko yote, na kulieleza kwa kulinganisha viwango vya makundi: Waprotestanti na Wakatoliki, waliooa na wasiooa. Kwa hiyo ugomvi ni wa namna ya kujua. Asubuhi mhadhiri mmoja anakupa hojaji ya sonona ujumlishe alama. Mchana mwingine anakuuliza nani aliitunga hojaji hiyo, kwa watu wa wapi, na kwa nini umaskini wa mtaa mzima ugeuzwe ugonjwa wa mtu mmoja. Kwangu mgongano huo ndio utamu wenyewe wa kozi. Shida ni kwamba vyuo vingi huuacha uishie kwenye ratiba.

Harvard walijaribu kuusimamia. Mwaka 1946 wakaanzisha Idara ya Mahusiano ya Kijamii, Talcott Parsons wa sosholojia pamoja na Gordon Allport wa saikolojia, na wanaanthropolojia ndani. Nadharia moja waliyoiota haikupatikana. Wanasosholojia wakajitenga mwaka 1970 na idara ikafa miaka miwili baadaye. Lakini humohumo walisomea mwanaanthropolojia Clifford Geertz na mwanasaikolojia Stanley Milgram, ambao baadaye walivuma. Ukitaka ushahidi wa upande wowote, idara hiyo itakupa.

Kwenye ajira mizani inaegemea upande mmoja. Uingereza, shahada ya pamoja hukufungulia njia ya taaluma ya saikolojia ikiwa tu imeidhinishwa na Chama cha Saikolojia cha huko, yaani saikolojia iwe na uzito wa kutosha ndani yake. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na usajili hutazama ulichosomea. Tanzania, matangazo ya kazi za serikali hutaja fani kwa majina, na cheti chenye majina mawili huweza kumfanya mchambuzi wa maombi akune kichwa. Anayetaka kukaa na wagonjwa asome saikolojia kamili na kuokota kozi chache za sosholojia pembeni. Anayelenga utafiti, sera, afya ya jamii au miradi ya vijana, simwoni akipoteza chochote kwa kuchukua zote mbili.

Ila kabla ya kujaza fomu, aulize nani atasimamia tasnifu yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, saikolojia imelelewa Shule Kuu ya Elimu na sosholojia iko Ndaki ya Sayansi za Jamii. Umbali wa namna hiyo uko vyuo vingi. Akijibiwa kwamba wapo wasimamizi wawili, mmoja kila upande, na kwamba huwa wanasoma rasimu ileile, ajaze. Akiambiwa achague upande mmoja mwaka wa tatu, ni afadhali achague sasa.