Dola mia sita za marehemu

Usiku mmoja wa Januari, jirani yangu hapa Brampton, jimbo la Ontario, Kanada, mama wa Kigoma, aligonga mlango akiwa na bahasha ya benki. Arobaini ya mumewe ilikuwa imepita wiki moja tu. Benki haitoi pesa mpaka alete cheti cha mahakama, na kanisani keshaambiwa kwamba serikali itakata nusu ya kila kitu. Nikachemsha chai ya tangawizi, tukageuza bahasha na kuanza kuandika mgongoni mwake.

Nyumba waliandikishwa wote wawili, kwa ule utaratibu wa kwamba mmoja akifa mwenzake anabaki na yote. Hiyo haipiti mahakamani. Akiba ya uzeeni, RRSP, mzee alimwandika mkewe kuwa mpokeaji tangu siku ya kuifungua. Bima ya maisha vilevile. Ikabaki akaunti moja yenye jina lake peke yake, dola 90,000. Kwenye kodi ya mirathi inayopita mahakamani Ontario, tangu 2020, dola 50,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zinazozidi hapo unalipa dola 15 kwa kila elfu. Elfu arobaini zilizobaki: dola 600. Mama akanitazama kama namtania.

Nilimkumbuka baba. Tulimzika nyumbani mkoani Tanga mwaka 2016, na mirathi yake ilichukua miezi kumi na minne. Ada ya mahakama ya mwanzo haikuwa kitu. Pesa ziliishia njiani. Kwanza kikao cha ukoo, ambacho hakiwezi kukaa bila baba mdogo, naye yuko Mwanza na anasubiri nauli. Kikao kikakaa, muhtasari ukaandikwa kwenye kaunta buku, shangazi akaweka dole gumba. Karani akaurudisha: hauna mhuri wa kijiji. Tukapata mhuri. Halafu ikaonekana cheti cha kifo kinasema Athumani, kitabu cha benki kinasema Athuman. Herufi moja! Wakili wa kiapo, nauli, siku mbili za kazi zimepotea. Na kaka yangu alipoteuliwa msimamizi, akawa na miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni, wakati mipaka ya shamba lenyewe anaijua marehemu na mkorosho mmoja.

Ndiyo maana Watanzania wenzangu wakiilaani hiyo asilimia moja na nusu mimi hucheka. Sawa, nyumba ya dola 800,000 isiyo na deni, yenye jina la mtu mmoja, inatozwa dola 11,250. Inauma. (Aliye na mkopo wa nyumba apunguze kwanza deni hilo kwenye hesabu, deni la kadi halipunguzwi.) Lakini dawa wanayopeana kwenye sherehe zetu inaua kuliko ugonjwa: "Mwandike mwanao kwenye hati, umemaliza."

Mzee mmoja ninayemfahamu alimwandika kijana wake. Kijana akaachana na mkewe, na mawakili wa mke wakaanza kuulizia fungu la kijana kwenye nyumba ya mzee. Tena kijana haishi humo, kwa hiyo nyumba ikiuzwa, faida ya fungu lake inatozwa kodi ya mapato. Mzee alikimbia kodi ndogo akaifungulia kubwa mlango. Na ukimwongeza mtoto mkubwa kwenye akaunti bila kuacha maandishi, usidhani ni yake: tangu kesi ya Pecore ya mwaka 2007, Mahakama ya Juu ya Kanada inachukulia kwamba anakushikia tu, mpaka athibitishe ulimpa. Hapo ndugu wanaburuzana.

Kwangu mimi, kupunguza gharama kunaanza na mambo madogo ya kuchosha: kukagua majina ya wapokeaji kwenye RRSP, TFSA (akaunti ya akiba isiyotozwa kodi) na bima. Nimekuta rafiki bado kamwandika mchumba wa zamani.

Mimi nina kiwanja Kibaha pia. Ontario haikihesabu, kwa sababu ardhi iliyo nje ya jimbo haimo kwenye kodi hii, kwa hiyo nina wosia mbili, ya huku kwa mali za huku na ya kule kwa kiwanja. Nusura niharibu. Ile ya huku ilikuja na sentensi ya kawaida kabisa, "nafuta wosia zangu zote za awali," na ningeisaini hivyo ningekuwa nimeifuta ya Kibaha kwa mkono wangu. Wakili akaongeza maneno machache, ikabaki hai.

Nikamwomba aongeze na jingine. Pasi yangu inasema Athuman, hati ya kiwanja inasema Athumani. Sasa wosia zote mbili zinataja majina yote mawili.