Lugha ya kukopa, mawazo yangu

Kwenye matanga huku Kisumu hakosekani mtu wa kushika kipaza sauti na kutukumbusha kwamba Mwafrika hasemi "mimi", husema "sisi". Mwanatheolojia John Mbiti aliliweka vizuri mwaka 1969: nipo kwa kuwa tupo. Na kweli, jina ninaloitikia nilipewa kabla sijajijua. Hata lugha ninayojisemesha nayo kimoyomoyo niliikopa kwa watu.

Ila aliyekukopesha lugha hajakufikiria mawazo yako. Hapo nasimama na Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Siaya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa kuwa alizunguka akihoji wazee, wapo wanaomdhania kuwa mkusanyaji wa mila. Wanamwonea. Akishasikia Waluo wanasema nini, swali lake lilikuwa: na wewe mwenyewe, mzee, waonaje, na kwa nini? Baba yake, Oruka Rang'inya, alimjibu kwamba ni makosa kumfanya Nyasaye, yaani Mungu, kuwa kama mtu. Nyasaye ni wazo, wazo la wema. Hayo mzee hakuyaokota matangani. Aliketi akayafikiria.

Wapinzani hunitajia kesi ya wakili S.M. Otieno, ambapo mjane wake na ukoo wake, Umira Kager, waligombania nani amzike na wapi. Wana haki, maana Odera Oruka mwenyewe alitoa ushahidi upande wa ukoo. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga, kwao Siaya, kama ukoo ulivyotaka, tarehe 23 Mei 1987. Nimezihesabu: siku 154. Mahakama ya Rufani ilikataa kwamba maisha ya Nairobi yalikuwa yamemvua Uluo wake. Basi, "sisi" ikashinda.

Ilishinda kaburi. Lakini siku zote hizo 154, mbali na mila, watu walibishania nini? Mjane anasema, mume wangu aliniambia hivi. Upande wa ukoo nao unaleta mashahidi wa kusema, hapana, alituambia vile. Kama nafsi ya Otieno ilikuwa ya ukoo tangu mwanzo, ukoo ulihitaji nini kauli yake? Mila ingetosha. Mwenye shamba haulizi mpaka wake ulitaka kupita wapi. (Wanaonijibu kwamba hizo zilikuwa mbinu za mawakili tu hawanielezi kwa nini mbinu hiyo iliwagusa wasikilizaji.)

Kimoja nawakubalia: kauli yenyewe ilikuwa imebaki vinywani mwa wengine, na mwenyewe hakuwepo kuisahihisha.