Nyumba Isiyo na Mlango wa Mbele

Mwaka 2025 chai yangu ilipoa nikisoma pendekezo la bajeti ya 2026 kutoka Ikulu ya Marekani. Fedha za kuendesha hifadhi za taifa zikatwe kwa dola milioni 900 hivi, na maeneo madogo, yasiyo na wageni wengi, yakabidhiwe majimbo.

Madogo! Nyumba ya Medgar Evers, mpigania haki za Weusi, pale Jackson, Mississippi, nayo iko chini ya hifadhi hizo, na ni ndogo kweli. Haina hata mlango wa mbele. Ndivyo Evers alivyotaka: watu waingilie ubavuni, penye banda la gari, wasiwe shabaha ya kila apitaye barabarani. Magodoro ya watoto yalilazwa sakafuni, chini ya usawa wa madirisha. Juni 12, 1963, usiku wa manane umeshapita, alishuka garini akapigwa risasi mgongoni. Risasi ikamtoka, ikapenya dirisha, ikapenya ukuta, ikagonga friji jikoni. Mke na watoto walikuwa ndani, macho.

Na hiyo wapewe nani? Mississippi! Jimbo lililokuwa na tume rasmi, ikilipwa kwa kodi, ya kuwapeleleza akina Evers. Tume hiyohiyo, kwenye kesi ya pili ya Byron De La Beckwith, muuaji wa Evers, mwaka 1964, iliwachunguzia mawakili wake wajumbe wa baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua hatia, kimyakimya. Mara mbili baraza la wanaume weupe watupu likashindwa kuafikiana. Hatia ikapatikana 1994. Fisi apewe ufunguo wa bucha, basi.

Haya, nakiri kwa shingo upande: jimbo hilo limejenga makumbusho ya haki za kiraia kwa fedha zake, 2017, na bunduki yenyewe imo humo. Lakini nyumba kuukuu inataka fundi wa paa na mtu wa kuifungua kila asubuhi. Chuo cha Tougaloo kiliibeba tangu 1993, hadi serikali kuu ilipoichukua 2020.

"Mkenya, yanakuhusu nini?" Kifungua mimba wa Evers aliitwa Darrell Kenyatta. Mzee wetu akiwa kizuizini, kijana mmoja huko Mississippi alikuwa akifuatilia habari zake.

Wala tusiwacheke. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wetu, alipigwa risasi langoni kwake Westlands, Nairobi, mwaka 1965, binti yake akiwa garini. Miaka sita nimepita Westlands nikienda kazini. Sijui ni lango lipi.