Kushikamana na fremuweki moja: faida na gharama kwa anayejenga tovuti zake Kigoma

Miongoni mwa vijana wa Kigoma wanaojifunza kutengeneza tovuti upo ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema chagua fremuweki moja, ishike, kila mradi wako binafsi ujenge humo. Wapo wanaosema huko ni kujifunga, kwamba fundi huitazama kazi kwanza ndipo atafute chombo. Mimi niko karibu zaidi na hao wa kwanza, ila sababu zangu si zile wanazozitoa mara nyingi, na naona upande wa pili una hoja ambazo bado hazijajibiwa ipasavyo.

Kwa asiye wa fani: fremuweki ni msimbo ulioandikwa tayari kwa mambo ambayo karibu kila tovuti huyahitaji. Kupokea ombi la msomaji, kusoma na kuandika kwenye kanzidata (ghala la taarifa za tovuti), kumtambua mtumiaji kwa nywila yake, kupanga kurasa. Laravel, iliyotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011, hutumia lugha ya PHP. Django hutumia Python. Hiyo ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walitakiwa kutoa kurasa kwa kasi ya chumba cha habari, na mwaka 2005 ikaachiwa umma. Mifano yangu mingi itatoka Django, maana ndiyo niipendayo.

Asili hiyo ya gazetini ina uzito kwetu. Zana iliyoundwa na watu wachache waliobanwa na muda inamfaa mtu anayejenga peke yake usiku baada ya kazi. Tuseme mtu anataka kuweka mtandaoni bei za dagaa na migebuka za kila asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi. Anaieleza Django mara moja tu: kuna aina ya samaki, kuna kipimo, kuna bei, kuna tarehe. Kutokana na maelezo hayo inamtengenezea majedwali ya kanzidata, na kwa mistari michache zaidi inampa paneli ya msimamizi yenye fomu za kuingiza, kusahihisha na kufuta. Tovuti ikishapanda hewani, nduguye aliyeko mwaloni anaweza kuingiza bei kwa simu kabla hata mjenzi hajaandika ukurasa wa kwanza wa wasomaji.

Lakini kasi ya mwanzo si hoja kubwa. Fremuweki yoyote hupendeza wiki ya kwanza. Faida ya kushikamana na moja huonekana kazi inapogeuka. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Tovuti ya bei kama hiyo ingelazimika ghafla kutofautisha siku ambayo hakuna aliyeingiza bei na siku ambayo ziwa limefungwa, jambo ambalo mtu hawezi kulikumbuka anapopanga majedwali yake mwanzoni. Anayeijua fremuweki yake anaongeza safu moja, anaandaa uhamisho wa jedwali, yaani maelekezo ya kulibadilisha, anaujaribu kwenye laptopu, kisha anaupeleka kwenye seva na data za zamani zikiwa salama. Anayejifunza zana mpya kila baada ya miezi michache hukwama hapohapo, na mara nyingi huamua kuanza upya. Miradi mingi binafsi hufia mahali hapo, na inaniuma, kwa sababu baadhi yake ilikuwa inaelekea kuwafaa watu.

Kuna pia suala la kujifunza bila mwalimu wa karibu. Kwenye kampuni kubwa za Dar es Salaam, kijana akikwama humgeukia mkubwa wake wa kazi. Kigoma wengi hujenga peke yao, na bando huisha. Nyaraka rasmi za Django zinaweza kushushwa zote, kama PDF, ePub au kurasa za kusomwa bila intaneti, na mradi mpya hutumia SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja bila kuhitaji seva. Ukishaisakinisha, unaweza kufanya kazi jioni nzima mtandao ukiwa umekata. Linganisha na mradi wa kisasa wa lugha ya JavaScript, ambao kuuanzisha tu kunaweza kushusha mamia ya vifurushi vya msimbo. Kwetu tofauti hiyo ni fedha.

Upande wa pili huanza kwa kusema fremuweki inamficha mjenzi asione kinachotendeka. Hili ni kweli, na lina madhara yanayoonekana. Django hukuruhusu kuiuliza kanzidata bila kuandika SQL, lugha ya kuulizia kanzidata. Ukitaka orodha ya bei 50 pamoja na jina la muuzaji wa kila bei, unaandika mzunguko mfupi unaosomeka vizuri, kumbe chini yake yametumwa maswali 51 kwenye kanzidata: moja la orodha, na moja kwa kila muuzaji. Kwenye laptopu yako hutaona kitu. Kwenye seva ndogo, wasomaji wakiongezeka, ukurasa unaanza kuburuta. Dawa ipo na ni neno moja tu, select_related, lakini hulitafuti kama hujui kwamba kuna ugonjwa. Kwa hiyo nawaunga mkono wanaodai SQL ijifunzwe kabla ya kuisifu fremuweki yoyote. Hapo hawana mpinzani.

Usalama nao una pande mbili hizohizo. Django husafisha maandishi ya watumiaji kabla ya kuyaonyesha kwenye kurasa, huzuia fomu za kughushi kutoka tovuti nyingine, na haihifadhi nywila zikiwa wazi. Kijana anayeandika vyote mwenyewe atasahau angalau kimoja. Hata hivyo, fremuweki hiyohiyo ikipandishwa hewani huku DEBUG, hali ya kumwonyesha mjenzi makosa, ikiwa imeachwa imewashwa, kosa lolote litamwonyesha mgeni vipande vya msimbo na sehemu ya mipangilio ya seva. Ulinzi wa bure umewafanya wengine waamini kwamba hakuna kilichobaki cha kukagua.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya gharama ya kuhosti, yaani kukodi mahali pa kuiweka tovuti hewani, na hapa mapenzi yangu yananipinga. Hosti za bei nafuu zinazolipiwa kwa shilingi kupitia simu, kwa kawaida ni hosti za pamoja, ambamo tovuti nyingi hutumia seva moja, zenye PHP na kanzidata ya MySQL. Django inahitaji mazingira ya Python, na mara nyingi hiyo maana yake ni kukodi seva pepe (sehemu ya seva iliyotengwa kwa ajili yako), kulipa dola kwa kadi, na kuisimamia mwenyewe. Njia za bure zipo, ila hazina dhamana. Heroku, huduma ya kuhosti iliyokuwa kimbilio la wanafunzi duniani kote, ilifuta huduma zake za bure mnamo Novemba 2022, na miradi isiyolipiwa ikazimwa. Kwa sababu hiyo, kijana wa Ujiji au Mwanga asiye na kadi ya kulipia mtandaoni namshauri achague Laravel, si Django, kwa sharti kwamba ahakikishe kwanza toleo la PHP kwenye hosti yake linakubalika. Ubora wa lugha hausaidii kitu kama tovuti haiwezi kukaa hewani mwaka mzima.

Kuhusu hofu kwamba fremuweki hufa, inategemea unazungumzia ipi. AngularJS, fremuweki ya JavaScript ya Google, ilitoka mwaka 2010. Mrithi wake wa mwaka 2016 aliandikwa upya kiasi kwamba miradi ya zamani haikuhamia bila kazi kubwa, na msaada wa ile ya awali ukakoma mwishoni mwa 2021. Create React App, zana ambayo maelfu walianzia kujifunza React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), ilitangazwa kustaafishwa Februari 2025. Django hutangaza mapema ukomo wa matoleo yake ya muda mrefu: toleo la 4.2 la Aprili 2023 lilipangiwa kulindwa hadi Aprili 2026. Miaka mitatu inatosha mtu mmoja kupanga lini atahama. Naona hapo ndipo pa kuchagulia, yaani ratiba inayojulikana, kuliko wingi wa wanaoisifu wakati huu.

Hata hivyo, kuna miradi isiyohitaji fremuweki kabisa. Ratiba ya boti za kwenda vijiji vya kando ya ziwa, kama inabadilika mara chache, inatosha kuwa ukurasa mmoja wa HTML. Utafunguka upesi kwenye simu ya bei ndogo, na hakutakuwa na kanzidata ya kulinda. Anayelazimisha Django au Laravel hapo anajiongezea kazi ya kusasisha isiyo na sababu.

Kinyume chake ni daftari la kikoba. Hapo kuna majina, namba za simu, hisa na mikopo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haimwachi mtu nje kwa sababu tu mradi wake ni mdogo. Kwa mradi wa aina hiyo nataka fremuweki iliyokomaa, na nataka mjenzi anayeijua kwa miaka, si aliyeanza kuisoma mwezi uliopita. Nataka pia kuona jambo moja ambalo hakuna fremuweki italifanya kwa niaba yake: kitufe cha kumwezesha mweka hazina kushusha daftari lote kama jedwali la kawaida, na nywila ya seva iwe mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja. Mjenzi akipata kazi Mwanza na kuondoka, wanakikundi waendelee na hesabu zao wiki hiyohiyo.